Darubini Isiyotulia

"Shangazi ametoka hospitali," sauti ilisema kwenye simu.

Marlys Tveit alikanyaga breki. Ford yake ikaserereka juu ya changarawe na kusimama pembeni ya barabara ya msituni, kaskazini mwa Minnesota.

"Anasafiri lini?"

"Leo. Saa tisa alasiri. Anaondoka na mgonjwa wake."

"Leo? Prosser, mlisema Jumatatu!"

"Nimesema leo."

Simu ikakatika.

Marlys aliupiga usukani kofi. Saa ya gari ilionyesha saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Shangazi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi aliyejiita Corvin, mnunuzi wa siri kwa niaba ya serikali ya kigeni ambayo ofisini kwa kina Marlys, idara ya upelelezi, hawakuitaja kwa sauti. Mgonjwa alikuwa Gaylen Strand, mhandisi wa Duluth, aliyetekwa nje ya kanisa lake siku kumi na mbili zilizopita. Strand alikuwa ameunda chombo cha kuidanganya meli iamini iko mahali ambapo haipo. Fikiria meli yenye urefu wa futi elfu moja, imesheheni madini ya chuma, inaingia mlango mwembamba wa bandari huku ikidhani iko katikati ya ziwa. Michoro Corvin alikuwa nayo. Alichokosa ni kichwa kilichoichora, na kichwa hicho alitaka kukivusha mpaka kwa ndege ya kutua majini kabla maziwa hayajaganda.

Nyuma ya kiti, ndani ya mfuko mweusi, Marlys alikuwa na bunduki fupi inayotumia risasi za bastola, milimita tisa.

Wiki nzima Prosser, mkuu wake, alikuwa amemweleza mpango huo kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Corvin akimwona askari, Strand anakufa. Akisikia mlio wa bunduki, Strand anakufa. Kwa hiyo hakuna mlio. Risasi nzito, za mwendo wa polepole, na kizuia sauti mdomoni mwa bunduki. Injini ya ndege ikishawaka, Marlys atatoboa maboya ambayo ndege huelea juu yake, kimyakimya, kutoka ng'ambo ya ghuba, yadi mia moja. Ndege itakunywa maji hadi ishindwe kuruka. Risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia ingeweza kupenya kote, ikateleza juu ya maji na kuua mtu upande wa pili wa ziwa.

Mpango mzuri. Tatizo lilikuwa darubini.

Ofisi ilikuwa imemletea ile bunduki jana ikiwa na darubini juu yake, nyeusi, mpya, yenye herufi za kung'aa. Hakuna aliyekuwa ameiseti. Bunduki yenye darubini ambayo haijasetiwa ni bomba lenye kioo tu. Unakoona siko risasi inakokwenda. Marlys alikuwa amepewa muda mpaka Jumatatu.

Sasa alikuwa na saa sita.

*

Duka la Koskela liliuza bunduki na chambo za samaki, na nyuma yake kulikuwa na uwanja wa shabaha. Marlys aliingia kwenye maegesho, akatukana.

Magari thelathini. Labda arobaini.

Alikuwa amesahau. Kesho ilikuwa Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu, na kila mwanamume wa wilaya hiyo, wengine pamoja na wake zao, alikuwa amekuja leo kuseti darubini aliyopaswa kuiseti mwezi Agosti. Makoti ya uwindaji ya rangi ya chungwa yalijaa kama moto. Meza za kufyatulia zilikuwa sita. Foleni ilifika hadi kwenye choo.

Simu ikatetema.

"Uko wapi?" Prosser aliuliza.

"Kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kulungu."

"Tveit, sina muda wa mizaha."

"Mimi pia sina," Marlys alijibu, akakata yeye.

Zamu yake ilifika saa nne na robo. Kulia kwake alikaa pandikizi la mtu mwenye ndevu, Duane Pelkey, ambaye tangu asubuhi hakuwa amebanduka kwenye meza yake. Duane aliitazama ile bunduki fupi, akatabasamu hadi masikioni.

"Dada, hiyo ni ya kulungu au ya panya?"

"Ya panya wakubwa."

"Ukimpiga kulungu na hiyo, atageuka akuulize una shida gani."

Wenzake wakacheka. Marlys hakucheka. Aliweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akaingiza risasi tano. Alikuwa na boksi moja tu, risasi hamsini. Ofisi ilikuwa imezipima moja moja, na haikuwa na nyingine.

Yadi hamsini kwanza. Akavuta pumzi, akaiachia nusu, akabana kifyatulio.

Pak.

Sauti kama ya mtu kufunga kitabu kwa hasira. Mara tano.

"Acheni kufyatua!" msimamizi alipiga kelele. "Bunduki chini! Nendeni mkaangalie!"

Watu wote wakatembea kwenda kwenye karatasi zao, polepole, kahawa mkononi, wakipiga soga. Huo ndio utaratibu. Kila baada ya dakika kumi na tano, safari ya kwenda na kurudi. Marlys alitaka kukimbia, akajizuia.

Matundu yake matano yalikuwa chini, kushoto. Sawa. Hilo linarekebishika. Alirudi, akazungusha vifundo vya darubini. Tik, tik, tik. Kwa yadi mia, kila tik ilisogeza risasi robo inchi. Kwa hamsini, nusu ya hiyo tu. Akahesabu vizuri, mara mbili.

Risasi tano tena. Safari tena.

Sasa yalikuwa juu, kulia, na yametawanyika upana wa sahani.

"Upepo huo," Duane alimwambia kwa huruma ya kuudhi.

Hapakuwa na upepo. Bendera ndogo ya uwanja ilining'inia kama soksi.

Akarekebisha. Risasi tano. Zikaenda kushoto. Akarekebisha tena. Zikaenda anakokujua Mungu. Miaka kumi na tisa kazini. Aliwahi kuzima taa ya gari kwa bastola akiwa anakimbia. Leo alishindwa kupiga karatasi iliyosimama.

Risasi ishirini zimekwisha.

"Acha kuitesa," sauti ya kike ilisema nyuma yake.

Lempi Koskela alikuwa mwenye duka, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, miwani miwili kichwani, mafuta ya bunduki kwenye kucha. Alikuwa na pai ya nyama mkononi, ameing'ata nusu.

"Tatizo ni mimi," Marlys alisema.

"Ningependa iwe wewe, ningekuuzia masomo. Lete hapa."

Aliichukua darubini kati ya vidole, akaigonga kidogo na mpini wa bisibisi, akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza yai. Akatikisa kichwa.

"Kioo cha ndani kimeachia. Nani alikuchagulia hii?"

"Ofisi."

"Ofisi!" Lempi alitema neno hilo. "Ofisi inadhani risasi ndogo ina teke dogo. Mwanangu, bunduki kama hii ina kipande kizito cha chuma humu ndani kinachokwenda nyuma, kinagonga, kinarudi mbele, kinagonga. Ni nyundo pande zote mbili. Darubini ya bei ya chakula cha mchana inakufa kwa nyundo hiyo. Umeipigia risasi ngapi?"

"Ishirini."

"Umeizika vizuri."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Marlys alishaanza kulegeza skrubu.

"Nipe nyingine. Iliyo bora zaidi dukani."

Lempi akacheka bila furaha. "Leo? Siku moja kabla ya kulungu? Kabati ni tupu tangu Jumatano. Imebaki moja."

Hiyo moja ilikuwa ndefu kama mkono, ya kukuza mara kumi na sita, yenye kioo cha mbele kikubwa kama kikombe. Walijaribu. Haikuingia. Kioo kile kiligusa mtutu wa bunduki, na vishikio virefu vya kuiinua havikuwepo. Wakaiinua kwa vishikio vya mtu mwingine. Vikawa vipana kuliko bomba la darubini. Lempi akavibadilisha tena. Hatimaye ikakaa. Marlys aliweka jicho, akaona karatasi ikielea kama kitu ndani ya maji. Alipokisogeza kichwa kidogo, picha yote ikageuka nyeusi.

"Hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepiga mbuzi wa mlimani maili moja mbali," Lempi alisema. "Wewe unapiga umbali gani?"

"Yadi mia. Labda pungufu kidogo."

"Unapiga nini?"

Marlys aliinamia boksi la risasi.

"Sijauliza," Lempi alisema haraka. "Ni kitu kikubwa au kidogo?"

"Ukanda mwembamba. Upana wa kiganja. Niupige mara sita."

"Mbele ya watu?"

"Karibu nao."

Yule mwanamke aliweka pai chini. Uso wake ukabadilika. Aliingia dukani, akakaa huko kwa muda ulioonekana kama mwaka, akarudi na bunduki yake mwenyewe ya kuwindia, iliyokwishapakiwa tayari kwa kesho. Juu yake kulikuwa na darubini fupi ya Kijerumani, ya chuma, rangi imechubuka.

"Inakuza mara nne tu. Haina mbwembwe. Imekula teke miaka thelathini na haijawahi kulalamika."

"Na kesho wewe utawinda na nini?"

"Kesho nitakaa nyumbani nipike supu. Shika hapa nifungue skrubu."

Duane Pelkey alikuwa amesikia yote. Alijikuna ndevu.

"Lempi, unamvulia mgeni darubini yako? Mimi miaka kumi nimekuomba nichungulie tu!"

"Wewe umeng'ang'ania meza tangu saa mbili, Duane. Ondoka, mpishe dada."

"Zamu yangu bado..."

"Duane."

Duane akaondoka na mfuko wake wa mchanga, kisha akarudi, akauweka chini ya kiwiko cha Marlys. "Huo ni mzuri zaidi," alinung'unika.

*

Saa sita na robo.

Yadi ishirini na tano, risasi tatu. Zote tatu kwenye tundu moja.

Marlys alitaka kulia kwa furaha. Hakupata nafasi. Kwa yadi hamsini zilikuwa chini kidogo, akapandisha. Kwa yadi mia, karatasi ilikuwa safi. Hakuna tundu. Alitafuta kwenye udongo wa nyuma, akaona alama. Inchi nane chini.

Risasi nzito, mwendo wa polepole. Inaanguka kama jiwe.

Akazungusha kifundo kupandisha. Tik, tik, tik, tik. Kikagoma. Kimefika mwisho, na bado inchi saba.

"Haipandi tena!" Alikigonga kifundo kwa kidole. "Imeisha! Kwa nini kila kitu leo..."

"Usinipigie mwenzangu," Lempi alimkatiza. "Imezoea bunduki nyingine, ndiyo maana. Nyie, nani anakunywa bia?"

Mikono minne ikanyooka.

Lempi alichukua kopo moja tupu, akalichana kwa mkasi, akakata ukanda mwembamba wa bati kama ukucha. Akalegeza kishikio cha nyuma, akauingiza ule ukanda chini ya darubini, akakaza skrubu kwa mpigo sawa, moja hapa, moja pale.

"Nyuma ikipanda unywele, risasi inapanda inchi kadhaa. Nenda."

Simu ikatetema mfukoni.

"Hali?" Prosser aliuliza.

"Tumeweka kopo la bia."

"Rudia?"

"Niache nifanye kazi, bosi."

Alizituliza zile nyuzi mbili za msalaba wa darubini katikati ya duara. Akabana. Akabana. Akabana. Safari ya kwenda na kurudi, Duane akitembea kando yake, sasa na yeye ana haraka. Matundu matatu, yanafunikwa na mfuniko wa chupa, inchi moja kulia. Akarudi, akasogeza tik nne. Risasi tatu za mwisho za majaribio.

Katikati.

Tena katikati.

Tena.

Duane alipiga mluzi. Marlys alihesabu risasi kwenye boksi. Kumi na moja.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Aliifunga bunduki mfukoni akiwa ameifumbata kama mtoto mchanga, darubini isiguse popote.

*

Ghuba ilikuwa tulivu, imezungukwa na misonobari. Kingoni maji yalikuwa yameanza kuvaa barafu nyembamba kama kioo cha dirisha. Marlys alilala kifudifudi juu ya jabali, jani kavu shavuni, baridi ikimpenya magotini. Kipimo chake cha umbali, cha Leica, kilisema yadi tisini na sita hadi kwenye gati.

Ndege ilikuwa Cessna nyeupe, imesimama juu ya maboya mawili marefu ya bati. Nyuma ya kisiwa, boti mbili za Prosser zilisubiri zimezimwa injini.

"Kimya cha redio," Prosser alinong'ona kwenye kipokezi sikioni. "Hadi wakwame."

Saa tisa kasoro dakika tano injini ikakohoa, ikawaka. Msitu mzima ukajaa ngurumo.

Sasa.

Marlys alilenga boya la kushoto, sehemu ya nyuma, kiganja kimoja juu ya maji. Watu wakipanda, sehemu hiyo ingezama.

Pak.

Barafu iliruka unga mbele ya boya. Chini! Risasi ilikuwa imepita chini!

Alisaga meno. Asubuhi nzima. Asubuhi nzima ya upumbavu, na sasa chini! Kisha akaelewa. Kule uwanjani risasi zilikaa juani mezani. Hapa zilikuwa zimekaa saa nzima kwenye baridi, na baruti baridi ni baruti mvivu. Darubini haikuwa na kosa. Hakugusa kifundo. Aliinua msalaba upana wa vidole viwili.

Pak.

Tundu jeusi likatokea kwenye bati, kando ya mstari wa misumari ya ribiti.

Boya lilikuwa na vyumba kadhaa ndani. Akalenga kinachofuata. Pak. Tundu. Pak. Tundu.

Mlango wa kibanda kilichokuwa kando ya gati ukafunguliwa. Corvin alitoka, koti refu la kijivu, bastola mkononi, akimsukuma Gaylen Strand mbele yake. Mhandisi alikuwa amekonda, amevaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka. Walitembea hadi mwisho wa gati. Strand akaweka mguu juu ya boya apande.

Akatazama chini.

Marlys aliona kupitia darubini, wazi kabisa, jinsi yule mtu alivyoyaona matundu. Maji yalikuwa yanaanza kuyalamba. Strand alisimama sekunde moja. Mhandisi. Alihesabu. Kisha polepole, kama kwa bahati mbaya, alijipangusa usoni na miwani yake ikaangukia gatini.

"Miwani yangu! Sioni kitu bila miwani!"

"Panda!" Corvin alifoka juu ya ngurumo.

"Utanipeleka nikakuchoree kwa macho gani? Acha niitafute!"

Akapiga magoti, akipapasa mbao kila mahali isipokuwa pale miwani ilipokuwa. Corvin akainama kumvuta. Wote wawili walikuwa wameligeuzia boya mgongo.

Pak. Pak. Pak.

Ya mwisho iligonga nondo ya chuma iliyoshikilia boya. Ting! Corvin akainua kichwa. Aliangalia injini, akaangalia rubani. Rubani akainua mabega. Marlys hakupumua. Kidole chake kilikuwa tayari, msalaba juu ya kifua cha lile koti la kijivu, na alijua kwamba kwa risasi hii, kwa umbali huu, na Strand akiwa nyuma yake, asingethubutu.

Corvin alimkokota mhandisi hadi ndani. Mlango ukafungwa.

Rubani hakuwa na haraka. Injini iliyolala kwenye baridi haikurupushwi. Dakika moja. Tatu. Watu watatu ndani, na nyuma ya ndege ikashuka, matundu yakazama yote. Dakika sita. Saba. Bawa la kushoto likawa chini kidogo kuliko la kulia.

Kamba ikafunguliwa. Ndege ikasonga, ikivunja barafu mbele yake kwa mlio wa sahani zinazoanguka. Ikageuka. Injini ikapiga mayowe.

Haikupanda.

Ilikimbia kama bata aliyevunjika mguu, mkia ndani ya maji, ikizidi kulalia kushoto. Ncha ya bawa ikagusa ziwa. Ndege ikazunguka nzima nzima, rafadha ikachapa maji, na injini ikazimika.

Kimya hicho kilimuumiza masikio.

"Nenda!" Prosser alipiga kelele redioni. "Boti zote!"

Mlango wa ndege ukafunguka. Corvin alitokeza juu ya boya la kulia, mkono mmoja kwenye kola ya Strand, mwingine na bastola. Marlys alimfuata na msalaba. Risasi nne. Ndege ikazama tena ghafla upande mmoja, Corvin akateleza. Alihitaji mikono yote miwili. Kwa kitambo alisita achague nini. Strand hakusita, alijitupa majini kama gunia.

Maji yalimfika kifuani. Pale ghuba ilikuwa na kina kifupi. Akasimama, akaanza kutembea kuelekea kwenye boti huku ameinua mikono na kutetemeka.

Bastola ya Corvin ilikuwa imeshapotea kwenye tope.

*

Marlys aliteremka kwa njia ya msituni hadi gatini, mfuko begani. Strand alikuwa amefunikwa blanketi mbili, amepewa kahawa, meno yakigongana. Alimtazama yule mwanamke wa makamo mwenye jani kavu shavuni, akautazama mfuko mwembamba. Akafungua mdomo.

Marlys alimtikisia kichwa kidogo tu; bora Corvin na waliomtuma wasijue kulikuwa na bunduki. Strand akaufunga mdomo, akanywa kahawa.

Hatua chache mbele, Corvin na rubani walikuwa wamekalishwa bega kwa bega juu ya mbao, pingu mikononi, wamelowa, wakigombana bila kumjali mtu.

"Nilikuambia!" rubani alifoka. "Nilikuambia tuondoke wiki iliyopita! Barafu inakata bati kama wembe! Nani alinisikiliza?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi! Miaka ishirini narusha ndege kwenye maziwa haya, na mtu wa koti ananifundisha barafu!"

Prosser, aliyeshuka botini, alikuwa ananyoosha mkono ampongeze. Marlys aliupita. Alisimama mbele ya rubani kwa sekunde moja.

"Uliyosema ni kweli," alimwambia. "Barafu ya Novemba haina adabu."

"Umeona?" rubani alimgeukia Corvin. "Hata huyu mama anajua!"

Marlys alipandisha zipu ya koti lake hadi shingoni na kuanza kupanda mlima kuelekea lilikokuwa gari.